Mwalimu Aliyeugua Shibe

Enzi zetu Mlingotini Kiingereza hakikufundishwa kwa simu. Kilifundishwa kwa ubao na chaki, na mara moja kilifundishwa kwa tumbo la mwalimu mwenyewe. Nalisema hili kwa majivuno, na nina sababu. Juzi binti wa kaka yangu, Nasra, anayesoma chuo Dar es Salaam, alikuja kunitembelea hapa Dunda, Bagamoyo, na kitabu cha hadithi za kale za Kiingereza, akakwama kwenye neno moja. Akatoa simu. Mtandao ukawa unazunguka tu. Nikamuuliza, neno gani hilo? Akanisomea: surfeit.

"Ni kuzidi," nikamwambia. "Kitu kizuri kinachozidi mpaka mwili au moyo unakikataa. Neno la zamani hilo, siku hizi hawalisemi, lakini waandishi wao wa kale walilipenda sana."

Simu ilipopata uhai ikasema yale yale, tena kwa ufupi kuliko mimi. Nasra akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kanga. "Shangazi, si uliniambia uliishia la saba?"

Ndiyo, niliishia la saba. Lakini enyi wenzangu wa rika langu mnajua la saba yetu ilikuwaje. Tulikwenda shule na jembe begani, kidumu cha maji mkononi na fagio la chelewa kwapani, na daftari ndilo lililokuwa la mwisho kukumbukwa. Tulipanga mstari asubuhi tukakaguliwa kucha na meno. Sare ilifuliwa kwa majani ya mpapai, maana sabuni ilikuwa haionekani, na ilikauka ikiwa na kijani chake cha mbali ambacho hakuna aliyekicheka kwa kuwa wote tulikuwa nacho. Chai tuliinywa na kipande cha muwa pembeni badala ya sukari. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu, safi, zisizo na kitu. Jioni tulicheza rede na kombolela hadi miguu ikawa myeupe kwa mchanga, tukaitwa nyumbani kwa majina ya kutishwa, na aliyechelewa alikuta wenzake wamekwisha kula.

Nalitaja hili la uhaba makusudi. Watoto wa siku hizi hufungua jokofu, wakasimama mbele yake na baridi ikiwapiga, wakasema hakuna cha kula. Sisi tulikuwa hatuna jokofu na hatukuwahi kusema hivyo. Bahari ilikuwa pale, mihogo ilikuwa shambani kwa baba kule Zinga, na minazi ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Na zaidi ya hayo, mimi nilikuwa na mama yangu.

Mama aliitwa Bi Mwanaidi, na pale kijijini ukitaja jina hilo watu walimeza mate. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, watu walikuja kumwomba mapema kabla hata ya kumwambia kadhi. Wali wake wa nazi ulikuwa punje moja moja, kila punje imesimama peke yake lakini imelowa tui. Nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi tangu miguu yangu haijafika chini sawasawa. Alinifundisha kukamua tui zito kwanza, likawekwa kando, kisha jepesi, na wali ulipokaribia kukauka alipalia makaa juu ya kifuniko akaondoka kabisa jikoni, kwa sababu alisema wali ukichunguliwa unaona haya. Hakuwa na mizani wala kijiko cha kupimia. Alikuwa na mkono.

Alikuwapo mpishi mwingine, Bi Saumu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Naye alijua kupika, sitamnyima haki yake. Ila alijua kuwa watu wakiwa na uwezo wa kuchagua humchagua mama, na jambo hilo lilimkaa kooni miaka mingi.

Mwaka huo ninaousema, aliletwa mwalimu mpya kutoka bara, kijana mwembamba, Mkristo, ameshika kamusi moja nene ya Kiingereza iliyochakaa jalada. Aliitwa Mwalimu Anselimu. Kwao, alituambia, ni migomba mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba, na ndizi ndizo zinazoitwa chakula. Hakuwa na mke wala sufuria. Basi kijiji kikafanya kama kilivyozoea kufanya: nyumba zikapeana zamu ya kumlisha mgeni mpaka atakapotulia. Nyumba yetu ilipewa Ijumaa.

Mnajua maana ya kupewa Ijumaa. Mama alijiandaa tangu katikati ya wiki. Baba alitoa mchele wa Ruvu aliokuwa ameuficha uvunguni kwa ajili ya Idi. Kukapatikana changu wa mchuzi, pweza wa kupikwa kwa nazi, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa laini, bamia, kachumbari, na mkate wa kumimina wa kumalizia. Sijui sukari ya ule mkate ilitoka wapi, na kwa kuwa nyumba ile tulilelewa kwa adabu, hatukuuliza.

Hapa sasa lazima nieleze desturi ya nyumbani, maana ndiyo iliyozaa mambo yote. Kwetu mwenyeji hamuulizi mgeni kama ameshiba. Kuuliza ni kama kumwambia sasa basi. Mwenyeji anatazama sahani. Ikiwa tupu, mgeni bado anataka, na wewe unaongeza bila neno. Mgeni akitosheka anabakiza kidogo, tonge moja au mawili, anavuta mkono, anaomba maji ya kunawa. Lile alilobakiza lilikuwa haki yetu sisi watoto. Ndiyo maana tulipenda wageni. Tulikaa ukumbini tukijifanya tunacheza mdako, huku macho yote yako kwenye sahani ya mtu.

Mwalimu Anselimu akala. Alikula vizuri, kwa shukrani, akaisafisha sahani mpaka ikang'aa. Mama akafurahi, akaongeza. Mwalimu akatazama wali mpya uliomjia, akatabasamu, akala akamaliza. Mama akaongeza. "Hujala, Mwalimu," akamwambia kwa upole, "karibu, jisikie nyumbani." Mwalimu akamaliza tena, safari hii polepole, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Sisi watoto tulikuwa tunalia kimoyomoyo. Hatujapata kuona mtu mwembamba kiasi kile mwenye tumbo lisilo na mwisho. Baba naye, aliyekwisha kubakiza tonge lake kitambo, alimtazama kwa heshima kubwa kama mtu anayeshuhudia kipaji. Ikaja sahani nyingine. Mkate wa kumimina nao ukaisha, kipande kwa kipande. Hatimaye birika likaletwa kwa sababu masufuria yalikuwa yamekwisha, si kwa sababu mgeni alivuta mkono. Mama alikaa jikoni amechoka, uso umemtakata. "Leo nimelisha mtu," akasema.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Anselimu alipita katikati ya kijiji akiwa juu ya kerea ya baiskeli, amekunjika, ameshikilia tumbo, anapelekwa hospitali Bagamoyo mjini. Alimpita mama aliyekuwa anafagia uwanja. Alijaribu kumwamkia. Sauti haikutoka.

Hospitali walimlaza siku hiyo wakamrudisha kesho yake na dawa ya unga na maneno ya kupumzika. Lakini maneno ya kijijini hayakusubiri baiskeli irudi. Bi Saumu hakusema kitu. Yeye alikwenda tu kila mahali akieleza kuwa hasemi kitu. "Mie simo," alikuwa akisema kisimani. "Mie sina neno na mtu. Lakini mgeni kaingia nyumba ya watu na miguu yake, katoka kakunjwa. Sasa hapo mtu utasemaje?"

Watu wakasema. Wakasema Mwalimu kalishwa. Wa pwani hakuna asiyejua uzito wa neno hilo. Mtu akilishwa ina maana katiwa kitu katika chakula, na aliyetia ni mpishi. Wengine, waliojiona wana huruma zaidi, wakasema hapana, ni pweza tu alikuwa ameoza. Kwa mama hilo la pili lilikuwa baya vilevile. Kulikuwa na harusi kubwa mwezi unaofuata, ya binti wa mwenye mashua nyingi kuliko wote pale, na mama alikuwa ameshaombwa kushika mwiko. Jumapili ile akaja mjumbe kutoka kwa wenye harusi, akakaa, akanywa maji, akasifu hali ya hewa, kisha akasema kuhusu mapishi bado wanaangalia. Wanaangalia nini, hakusema. Alipoondoka, mama alifunika masufuria yake makubwa kwa kawa, akakaa kitandani akageukia ukuta.

Siku mbili mama hakutia mguu jikoni. Nataka mwelewe. Mama yangu, ambaye nilikuwa namkuta jikoni nikiamka na namwacha jikoni nikilala, hakuwasha moto. Baba alituchemshia mihogo akasahau chumvi, na tukaila bila kunung'unika. Nilikuwa na uchungu mpaka nikashindwa kucheza. Mtoto hajui maneno makubwa ya heshima na jina la mtu, lakini nilijua kuwa mama yangu ameibiwa kitu na hakuna polisi wa kumshtakia.

Jioni ya siku ya pili baba akaniambia nimfuate. Tukaenda nyumba ya walimu. Mwalimu Anselimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso umemsawijika kidogo lakini mzima. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba. Baba hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kukuuliza kama mwanamume kwa mwanamume. Kwa nini hukusema basi?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mzee, ningesemaje? Kwetu kubakiza chakula ni kumtukana aliyepika. Mama yangu alinilea hivyo. Unasafisha sahani, ndiyo asante yako. Nilikuwa namshukuru mama, na kila nikimshukuru analeta tena. Nikasema labda hapa watu wa pwani wanapima mtu. Nikajikaza."

Baba akavua kofia. Kisha nikaona mabega yanamtikisika. Akacheka, akacheka, akajifuta machozi kwa kofia yake. "Mwalimu, kwetu sahani tupu ni kusema una njaa! Ulikuwa unamwambia lete, yeye anatii!" Mwalimu akamtazama, na taratibu akaelewa, akaanza kucheka naye kisha akashika tumbo kwa sababu bado lilikuwa linauma. Wanaume wawili wazima, mmoja na rozari ukutani na mwingine na tasbihi mfukoni, walicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia.

Walipotulia baba akamweleza yaliyokuwa yanasemwa, na kicheko kikaisha mara moja. Mwalimu alisema hakujua. Alirudia mara kadhaa kuwa hakujua. Akachukua ile kamusi yake, akaifungua magotini, akapekua, akabaki ameweka kidole mahali pamoja. "Kuna neno," akasema. "Niachie hadi kesho, Mzee."

Kesho yake darasani hakuanza na mahudhurio. Aliandika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: SURFEIT. Akatutaka tulitamke. Tukalitamka kwa ulimi wetu, safiti, na hakutusahihisha. Akasema ni neno la zamani. Mkienda leo kwa Waingereza sokoni hamtalisikia, akasema, lakini mkifungua vitabu vyao vya kale mtalikuta linawasubiri. Maana yake ni kitu chema kupita kiasi, na pia maradhi yanayotokana na wema huo kuzidi. Akatusimulia mfalme wao mmoja wa kale ambaye, kwa hadithi zao, alikufa kwa kula samaki wanaofanana na mikunga, aliowapenda kuliko alivyompenda daktari wake. Darasa zima likavutiwa. Mikunga tuliijua, na hatukuwahi kufikiri kuwa inaweza kumwangusha mfalme.

Kisha akaeleza kuwa waandishi hawakuliacha neno tumboni. Walilichukua wakaliweka kwenye mapenzi, kwamba mtu anaweza kupendwa mpaka akaomba apumzishwe. Wakaliweka kwenye ngoma tamu inayopigwa mpaka masikio yanaichoka, kwenye sifa, kwenye asali, kwenye starehe za matajiri. Popote walipoliweka, akasema, walikuwa wakisema jambo moja: kilichomuumiza mtu hakikuwa kibaya. Hapo akasimama akatutazama mmoja mmoja. "Kitu kibovu kina maneno yake. Sumu ina neno lake. Hili ni la kitu kizuri."

Akatuuliza Kiswahili tunalo neno gani. Mikono ikanyanyuka. Mmoja akasema kushiba, akaambiwa haijatosha. Mwingine akasema kuvimbiwa, mwalimu akafurahi, akaliandika. Mimi nikasema kukinai, kwa sababu mama alikuwa akisema mtu hukinai hata utamu. Akaliandika nalo. Akasema kuvimbiwa ni kwa tumbo, kukinai ni kwa moyo, na Waingereza wa kale walikuwa na neno moja linalobeba yote mawili. Sisi tuna mawili, akasema, kwa hiyo tumewazidi. Tukapiga makofi.

"Sasa sikilizeni," akasema mwishoni. "Ijumaa nyumbani kwa Bi Mwanaidi nilikula chakula kizuri kuliko nilichowahi kula tangu nizaliwe, nikala kupita kiasi kwa ujinga wangu wa desturi, nikaugua surfeit. Kazi ya nyumbani ni hiyo. Kila mmoja akamweleze mzazi wake neno hili na maana yake."

Sijawahi kuona kazi ya nyumbani iliyofanywa kwa bidii kama ile. Kufika alasiri, safiti ilikuwa imepita kisimani, sokoni na kwenye mikoko walikokuwa wanatafuta kaa. Wazee walilionja neno wakaliona zuri. Lakini Bi Saumu hakuwa mtu wa kushindwa na kamusi. "Kiingereza kinaficha mengi," akasema. "Mie ningemwona anakula tena pale, ningeamini."

Mwalimu akaletewa habari hiyo, naye akamtumia baba ujumbe: Ijumaa nakuja. Ila naomba mkeka utandikwe barazani, nje, watu wakipita.

Mama akakataa. Alisema akimpikia tena na mwalimu akapata hata mafua, itabidi ahame Mlingotini akakae kwa watu asiowajua. Baba hakumlazimisha. Alichofanya ni kwenda kuyafunua yale masufuria makubwa, akayaosha mwenyewe kwa mchanga na majivu, vibaya kweli, akayapanga mbele yake. Mama aliyatazama, akaona masizi yaliyobaki, akashindwa kuvumilia. Akanyanyuka kuyaosha upya. Alipokwisha kuyaosha, ilikuwa kama moto umeshawaka.

Alipika vile vile. Changu, pweza, kisamvu, bamia, wali wa nazi uliopaliwa makaa.  Alionja mchuzi, akaonja tena. Mama yangu alikuwa haonji mara mbili.

Watu walitoka msikitini, na ajabu ya Mwenyezi Mungu, siku hiyo kila mwanamume wa Mlingotini njia yake ya kurudi nyumbani ilipitia mbele ya baraza letu. Waliosali mwisho walitembea polepole. Mwalimu Anselimu alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, amevaa shati jeupe. Alisema "karibuni" kwa kila aliyepita, kwa sauti ya kupanga mstari. Alikula tonge baada ya tonge, watu wakiona. Alikula pweza. Alinyonya kichwa cha changu, jambo ambalo watu wa bara wa siku zile hawakulizoea. Na aliposhiba, mbele ya macho ya kijiji kizima, akabakiza matonge mawili, akavuta mkono, akaomba maji. Baba akammiminia birika yeye mwenyewe.

Bi Saumu naye alikuja, kwa mlango wa uani, eti kuomba kaa la moto. Mama alikuwa na haki ya kumpa kaa akaenda zake. Badala yake alimwambia, "Karibu chakula, dada." Na hapo hakuwa na pa kutokea. Kukataa kungekuwa kusema waziwazi kwamba chakula kina kitu, na mgeni yuko barazani anakila huku anasifu. Akaketi kwenye mkeka wa jikoni, akasema atagusa tu. Mama akampakulia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na sitasahau. Bi Saumu alianza kwa ncha za vidole. Kisha kwa vidole. Kisha akanyamaza, na Bi Saumu akinyamaza jua lazima kuna sababu. Alikula akiwa ameinama, akazungusha mkono kwenye ukingo wa sahani, akakusanya punje ya mwisho, akaipeleka mdomoni. Sahani ikawa tupu, safi, mbele ya mwanamke aliyezaliwa pwani, aliyelelewa pwani, anayejua fika maana ya sahani tupu.

Mama aliinua upawa, akamwongeza.

Wenye harusi walirudi wiki ile ile, na safari hii hawakuzungumzia hali ya hewa. Mama alishika mwiko. Alivaa kanga mpya, akasimama katikati ya majungu yaliyofuka moshi, akatoa amri kama afisa, na mimi nilikuwa pale nikikuna nazi na kifua mbele. Tangu siku hiyo Mlingotini mtu akila akapitiliza aliambiwa ana safiti, na mama alipoulizwa kazi yake alijibu kuwa yeye ni mwanamke aliyemlaza mtu kitandani kwa chakula kizuri. Alilisema hilo kila aliposhika mwiko. Mwalimu Anselimu alihamishwa miaka michache baadaye, na kila alipopita njia ya Bagamoyo alishuka Mlingotini kula. Hakuugua tena.

Siku hizi, wenzangu, mmeona wenyewe. Nimealikwa harusi Dar es Salaam, ukumbi wa viyoyozi, vyakula vimepangwa mezani kwa urefu wa basi. Vijana wenye glavu wanakupakulia bila kukutazama. Watu wanapiga picha sahani zao, wanakula robo, zinazobaki zinamwagwa kwenye pipa jeusi na hakuna mtoto anayezitazama. Pilau ilikuwa nzuri, siongopi. Nikauliza nani ameipika nikampe pongezi zake. Yule kijana akasema, "Kampuni, mama." Nikamwambia kampuni haina mikono. Akacheka kwa heshima, akaendelea kupakua. Tumepata wingi ambao sisi tusingeuota, na katika wingi wote huo hakuna mtu ambaye jina lake linaweza kuharibika kwa chakula kibaya, wala kung'aa kwa kizuri. Naona wamepoteza kitu hapo, hata wakinicheka.

Mama alifariki akiwa mzee, hapa hapa Bagamoyo, tukamrudisha Mlingotini. Siku ya hitima wanawake walijaa uani, na karibu kila aliyeshika sufuria alisema ni mama aliyemwonyesha. Bi Saumu aliletwa ameshikwa mkono, macho yameshaingia ukungu. Wakampisha. Akaomba upawa, akachota wali kidogo, akapuliza, akaonja. 

"Mzuri," akasema. Kisha akaufikiria tena, na machozi yakaanza kumtiririka. "Lakini haujafika wa Mwanaidi."